Tonge la Madam Kodi

Siku hiyo Ogugua Mordi alianza kuchoka asubuhi na mapema, hata umande haujakauka. Alishuka kwenye gari lililowaleta waigizaji, akashika goti lake la kushoto, akalitazama jumba lililokodiwa kwa ajili ya filamu kule njia ya Okpanam, mjini Asaba. Kitu cha kwanza alichokiona ni ngazi. Filamu hii ilijaa ngazi. Aliyeiandika alikuwa bado kijana ambaye magoti yake hayajaanza kumsemesha, akamfanya mwenye nyumba apande na kushuka karibu kila sini, kila tukio la hadithi, tena akifoka.

Mwenye nyumba huyo aliigizwa na yeye Ogugua. Kwa miaka mingi Ogugua alikuwa ameigiza kila aina ya mama: mama wa sokoni, mama wa kanisani, shangazi mchokozi aliyekuja msibani kugombania mashamba. Watu walimjua sura, jina hawakulijua. Kisha mwaka uliopita kijana mmoja mwongozaji, Chukwuyem, akampa nafasi ya mama mwenye nyumba anayezunguka na kitenge kimefungwa kifuani akidai kodi. Kulikuwa na sini moja anaingia chumbani kwa mpangaji, anamkuta ndiyo kwanza amenawa mikono ale, basi anakaa kwenye kigoda, anajisogezea sahani na kula chakula chote huku akimhubiria juu ya deni lake. Chukwuyem aliiacha kamera iendelee. Ogugua naye aliendelea kula.

Kipande kile kilizunguka kwenye simu za watu kama moto wa kiangazi. Walikata picha yake, shavu moja limevimba kwa tonge, wakawa wanatumiana kila mtu anapotaka kusema ana njaa. Tangu hapo Asaba nzima ilimwita Madam Kodi. Akipita sokoni wauza vyakula walimwinulia vijiko. "Madam Kodi, fungua mdomo! Sisi tumeshalipa!" Na yeye aliufungua, maana asingeufungua wangesema ameanza maringo.

Sasa walikuwa wanatengeneza sehemu ya pili.

Ila kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, Ogugua alikuwa ameanguka. Alikuwa Enugu kwenye kazi nyingine, akaingia bafuni kwenye hoteli waliyofikia, na kitu alichokumbuka baadaye ni sakafu ya vigae shavuni pake. Daktari aliyempima alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alimwambia ana sukari, na presha nayo imepanda. Kisha akamuuliza anakula nini siku za kazi, na Ogugua akamweleza ukweli: asubuhi chai na andazi kwenye gari, mchana kusubiri, soda, mkate wa nyama wa kununua dirishani mwa gari, halafu jioni au baada ya jioni kisahani cha plastiki kilichojaa wali wa jollof, na kwa sababu mtu umeshinda na njaa, unakula chako na cha aliyeondoka mapema.

"Mama, mimi sikukatazi kula," daktari alisema. "Nakukataza kushinda njaa halafu ukala kama unalipiza kisasi."

Ogugua alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuieleza kazi yake vizuri namna ile. Wenzake aliwaambia ilikuwa malaria. Mama wa makamo akijulikana anaumwa, katika kazi yao, hupata maombi mengi na simu chache.

Tangu hapo alikuwa anaamka alfajiri kupika. Ndizi mbichi za kuchemsha, kunde, majani ya ugu yaliyokatwa membamba, kipande cha samaki. Alivipakia kwenye hotpoti, akaifunga kwa kitenge na kwenda nayo kazini kama anavyokwenda nayo mtoto wa shule. Alikula kwa wakati. Jioni alitembea mpaka kwenye kituo cha mafuta na kurudi. Alikunywa maji mpaka akachoka kukojoa. Na mwili ukashuka, taratibu, kwanza tumboni, kisha mikononi, kisha, jambo ambalo hakulitarajia, usoni.

Uzoma, binti wa mavazi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Alimvika lile gauni la nyumbani la maua makubwa walilolihifadhi tangu sehemu ya kwanza, akalivuta kiunoni, na ngumi zake mbili zikaingia.

"Mama! Hili limekuwa pazia."

"Lishone."

"Nikilishona maua yatapotea. Unafunga?"

"Nafunga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu atakaponijibu. Shona, mwanangu, acha maswali."

Lakini Chukwuyem alikuwa ameshasimama mlangoni, kopo la kile kinywaji cha kukesha mkononi, macho mekundu. Alikuwa kijana mwenye heshima, na hakulala vya kutosha tangu kazi ilipoanza. Alimtazama Ogugua kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

"Mama, samahani. Mimi nilimwita Madam Kodi. Huyu ni nani?"

"Ni yeye. Kodi imekuwa ngumu kukusanya."

Wote walicheka, na yeye Chukwuyem pia, ila alicheka huku akikuna kichwa. Sehemu ya kwanza mwili ule ulikuwa nusu ya kichekesho. Mwisho wakatuma mtu akanunue godoro dogo la sponji. Uzoma alilikata vipande, akamfunga Ogugua tumboni, mgongoni na kwenye makalio kwa vitambaa, kisha gauni likateremshwa juu yake. Likamkaa kama zamani.

"Na mashavu?" Uzoma akauliza.

"Mashavu yatajaa kwenye sini ya kula," Chukwuyem akasema, akaondoka.

Ogugua alibaki amesimama ndani ya lile godoro. Joto lilikuwa tayari limeanza. Jenereta la kukodi liliwashwa kwa ajili ya taa na kamera tu, feni zikazimwa kwa sababu ya kelele.

Asubuhi walipiga zile sini za ngazi. Alipanda akifoka, akashuka akifoka, akapanda tena kwa sababu mbwa wa jirani alibweka. Kisha wakakaa kusubiri. Staa wa filamu, kijana aitwaye Somto, alikuwa anatoka Lagos na ndege yake ilichelewa. Kila baada ya muda mtu alitokea kusema Somto yuko njiani. Na chakula nacho kilikuwa kinamsubiri Somto, maana Ejiro, mama wa chakula, alikuwa ameambiwa alete vya watu pamoja na vile vya kwenye sini, safari moja, visije vikapoa.

Aliyekuwa anasubiri pamoja na Ogugua ni Okwudili. Hawa wawili walijuana tangu enzi za kanda za video, walipokuwa wakiigiza mume na mke katika filamu moja na kaka na dada katika nyingine, wakati mwingine wiki hiyo hiyo. Safari hii Okwudili alikuwa mlinzi wa geti. Alikuwa mrefu, mwembamba wa miguu na mwenye kitambi cha peke yake, kama kilichowekwa pale na mtu mwingine.

"Umenona vizuri leo," alimwambia, akimgonga sponji la tumbo kwa kidole. "Asubuhi ulikuwa mjane, sasa umeolewa tena."

"Ukinigusa tena nitakudai kodi."

"Dai. Mimi nalala getini, sina chumba."

Kwa namna hiyo waliisukuma asubuhi. Jua lilipofika juu ya paa, Ogugua aliingia chumba cha kujipodolea, akameza kidonge chake cha mchana kwa maji, akaanza kufungua kitenge cha hotpoti. Ndipo alipoitwa. Mpiga kamera alitaka ile ya kushuka ngazi irudiwe mara moja tu, kwa karibu. Mara moja tu haikuwa mara moja. Aliporudi, miguu inawaka, akamkuta Okwudili amekaa kwenye kiti chake, kifuniko cha hotpoti kikiwa pajani, analamba kidole gumba.

Ogugua alichungulia ndani. Kulikuwa na mwiba wa samaki.

"Nilidhani ni cha wote," Okwudili akasema.

"Cha wote? Kimefungwa kwenye kitenge changu, kwenye mfuko wangu, juu ya kiti changu!"

"Sasa njaa inaangalia kitenge? Tangu asubuhi sijaweka kitu tumboni." Akajifuta mdomo. "Na tena nikwambie kitu, bibie, hakina chumvi. Unampikia nani, mgonjwa?"

Ogugua alikaa kwenye boksi la taa na kumtazama rafiki yake, na hasira haikuja, alikuwa hana nguvu ya kuibeba. Alijua tu kwamba kidonge kiko ndani na chakula hakiko.

Baada ya muda mikono ilianza kumtetemeka. Jasho la baridi likamtiririka ndani ya sponji. Alimwomba Uzoma biskuti, Uzoma hakuwa nayo, akampekulia mkoba na kumpa peremende tatu zilizoshikamana na karatasi zake. Alizitafuna zote pamoja na vipande vya karatasi. Kutetemeka kulipungua, njaa haikupungua. Ilikuwa njaa ya namna ambayo alikuwa ameisahau, njaa inayomfanya mtu aisikie harufu ya mchuzi wa nyumba ya tatu na kumchukia anayeupika.

Somto alifika jua likiwa limeanza kulegea. Alikuwa na adabu, alizunguka akiwaomba watu wazima msamaha mmoja mmoja, lakini Chukwuyem alishamkamata mkono. Mwanga ulikuwa unaondoka. Wali wa watu ungesubiri, sini ya kula kwanza.

Katika hadithi, mpangaji aliyechezwa na Somto alikuwa anafanya karamu ya kumpa mtoto wake jina, na Madam Kodi anaingia bila kualikwa. Ejiro alikuwa ameandaa meza: viazi vikuu vilivyotwangwa na kufinyangwa vikawa mlima mweupe unaong'aa, bakuli la mchuzi wa mbegu za egusi wenye mafuta mekundu juu, nyama, ngozi ya ng'ombe, samaki mkavu. Harufu ilimfikia Ogugua akiwa bado kwenye ngazi.

"Eksheni!"

Aliingia. Alifoka maneno yake, akakaa, akamega tonge, akalichovya, akalimeza. Halafu akasahau kama kuna kamera. Alimega lingine. Alikula kwa mkono mzima, macho yamelegea, huku akiitaja miezi ya deni katikati ya matonge, na mwezi mmoja alipousahau alinyoosha kidole chenye mchuzi aombe kimya mpaka amalize kutafuna. Mpiga kamera alikuwa anauma mdomo asicheke. Chukwuyem alipiga magoti kando ya luninga yake ndogo, mkono kinywani. Mlima ulipobaki kichuguu, akapaza sauti.

"Kata! Huyo ndiye! Huyo ndiye Madam Kodi, jamani!"

Watu walipiga makofi. Ogugua aliegemea kiti, ameshiba, na kwa dakika chache alikuwa mwanamke mwenye furaha kupita wote katika nyumba ile.

Kisha mtu wa sauti akavua vile vya masikioni, akamgeukia bosi wake Chukwuyem. "Oga Yem, samahani. Jirani amewasha jenereta lake katikati. Limeingia lote."

Walimtuma Okwudili, na sare zake za mlinzi, akamwombe jirani azime. Ejiro akafinyanga mlima mwingine.

Mara ya pili Somto alisahau maneno. Mara ya tatu alikumbuka, lakini kivuli cha mtu kilipita ukutani. Mara ya nne kila kitu kilikwenda sawa, isipokuwa Ogugua. Alikuwa ameanza ile mbinu ya waigizaji wote, kulizungusha tonge shavuni na kulitema kwenye ndoo chini ya meza kamera ikihama.

"Mama, usiteme," Chukwuyem alimwambia kwa upole, ameinama sikioni pake. "Nimesogeza kamera karibu. Watazamaji wanataka kuona koo likishuka. Mara ya kwanza ulimeza, ndiyo maana ilikuwa tamu."

"Mara ya kwanza nilikuwa na njaa, mwanangu."

"Basi igiza njaa, Mama. Mara moja tu."

Alimeza. Viazi vilishuka kama saruji. Mara ya tano kichwa kilikuwa kizito, ulimi umekauka hata mchuzi ulishindwa kuulowesha, na kila alipogeuka sponji lililolowa lilitoa sauti ndani ya gauni. Taa zilielea machoni pake. Alisikia mtu anasema irudiwe tena, akanyanyua mkono.

"Nipeni nafasi kidogo."

Alishuka ngazi ameshika ukuta, akazunguka nyuma ya nyumba penye tangi la maji, akainama. Vyote vilirudi. Alipomaliza aliona pembeni mwa miguu yake viatu vya mlinzi wa geti, na mkono unamnyooshea kipakiti cha maji, kimeshatobolewa.

"Sukutua," Okwudili akasema. Alisubiri asukutue. "Ni kile chakula chako nilichokula, sivyo? Umekasirika mpaka unatapika."

"Okwudili, nina sukari."

Yule mzee alitafuta pa kukaa, akapata ndoo iliyofunikwa, akaikalia taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu Enugu."

"Ile malaria?"

"Ile ile."

Kule ndani walisikika wakihamisha taa. "Kumbe nimekula chakula cha mgonjwa," alisema. "Nikasema hakina chumvi."

"Kweli hakina."

"Mimi ni presha," Okwudili akasema. "Na figo moja wananiambia imechoka. Dawa nazificha kwenye kopo la ugoro. Watu wanafikiri navuta ugoro, wananisema kanisani, nami nawaacha waseme." Alicheka kidogo, na Ogugua akacheka naye, wote wawili bila sauti, mabega tu yakitikisika. "Tumekuwa waigizaji hasa sisi, Ogugua. Hata tukiwa nje ya kamera."

"Siwezi kumeza jingine."

"Basi mwambie."

"Nikimwambia imekwisha."

"Na usipomwambia?"

Alimpa mkono, akamwinua. Ogugua alipanda zile ngazi kwa mara ambayo hakutaka hata kuifikiria ni ya ngapi. Ndani, mlima mpya ulikuwa mezani, mweupe, umelainishwa kwa maji. Chukwuyem alikuwa anamaliza mkate wa nyama uliopoa, kwa kusimama.

"Tayari, Mama?"

Ogugua alipitisha mkono mgongoni chini ya gauni, akafungua fundo, akavuta. Vipande vya sponji vilianguka sakafuni kimoja kimoja, vizito kwa jasho. Gauni likamning'inia. Uzoma aliziba mdomo.

"Mwanangu, nina ugonjwa wa sukari," alisema. Hakupaza sauti. Sauti yote alikuwa ameimaliza kwenye ngazi. "Sifungi. Sijapata jibu kwa Mungu, nimelipata kwa daktari. Kile ulichonilisha leo ni cha wiki nzima. Nikimeza kingine hapa, utanibeba."

Ejiro alishika kiuno, mwiko mkononi, anamtazama kama mtu aliyegundua amempa mgeni maji machafu.

"Mama," Chukwuyem akasema. Alitafuta mahali pa kuuweka ule mkate, hakupaona, akabaki nao. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniita?"

Chukwuyem alikuwa kijana mkweli, na kwa sababu alikuwa mkweli hakujibu. Alikwenda dirishani, akatazama mwanga uliobaki, akarudi akijisugua uso kwa viganja vyote viwili. Ogugua alimwonea huruma. Aliona kwamba naye hajala chochote cha maana tangu jana.

Okwudili akasogea mbele. "Oga, unataka koo au unataka mkono?"

"Vyote, mzee."

"Koo lake unalo kwenye zile za kwanza. Nimekaa hapo nimeona. Mkono, mpe Ejiro. Mtazame mikono yake, si ni Madam Kodi mtupu?"

Wote waligeuka kuitazama mikono ya Ejiro. Ejiro aliificha nyuma. Ilikuwa minene, mizuri, yenye vishimo kwenye vifundo.

"Mimi? Niko na aproni!"

"Utaivua."

Wakamvua. Uzoma alimvika bangili na pete za Ogugua, akamfunga kitenge kile kile, akamkalisha mgongo kwa kamera. Ogugua alikaa kwenye kiti kando, nje ya picha, akatamka maneno ya deni, na Ejiro akala. Aliogopa tonge la kwanza, la pili akalizoea, la tatu akalimega kwa ghadhabu ya mwanamke aliyelipwa kupika na sasa analipwa kula.

"Kata! Safi, Anti Ejiro. Unaionaje?"

"Imepungua chumvi," Ejiro alisema huku anatafuna. "Nani aliipika hii?"

Walicheka, hata Somto aliyekuwa anasinzia. Halafu Ejiro aliinuka na bangili zake za kuazima, akafungua vyombo, akawagawia watu wali kabla hajaulizwa na mtu. Kwa Ogugua alileta bakuli la mchuzi mtupu wa mboga aliouchuja mafuta kwa kijiko. Aliuweka tu mbele yake, akamgusa bega. Ogugua alikunywa vijiko viwili, cha tatu kikamshinda. Alilala kwenye gari njia nzima, kichwa kimeegemea kioo.

Filamu ilitoka, na watu walicheka. Walizipenda zile sini za karamu, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mkono unaomega si wa koo linalomeza. Kwa wiki kadhaa Ogugua alikuwa anaitwa tena sokoni afungue mdomo. Safari hii alisema hapana, amekula nyumbani, na ni kweli wengine walisema ameanza maringo.

Habari za sehemu ya tatu alizipata kwa Uzoma, kwa simu, mchana mmoja akiwa anachambua kunde.

"Mama, usikasirike kwamba nimekuambia mimi."

"Sema."

"Madam Kodi amekwenda London kwa mwanawe. Nyumba amemwachia mdogo wake."

Ogugua aliendelea kuchambua. Alitupa kokoto moja dirishani. "Na mdogo wake ni nani?"

"Yule dada wa Warri. Yule... yule mwenye mwili."

"Anakula?"

"Anakula, Mama. Anakula kweli."

"Mwambie sini za kurudia ateme. Wakimwambia asiteme, ateme tu."

Alikata simu, akakaa na bakuli mapajani. Hakulia. Alijisikia kama mtu aliyeshuka kwenye gari lililokuwa limejaa, mguu mmoja bado una ganzi. Chukwuyem hakumpigia kumweleza, na hakumchukia kwa hilo, ingawa kwa miezi kadhaa jina lake likitajwa alikuwa anatafuta kazi ya kufanya jikoni. Simu zilipungua. Sukari nayo ilipungua, daktari alifurahi, na Ogugua alifurahi kwa ajili ya daktari.

Mwishowe simu ikaja kutoka kwa mwongozaji mwingine, mwanamke aliyekuwa anatengeneza filamu ya kusikitisha. Alikuwa anatafuta mama mgonjwa. Alikuwa ameona picha ya Ogugua ya siku za karibuni na kusema uso ule ndio anaoutaka.

"Nitafanya nini hasa?" Ogugua aliuliza.

"Kulala tu, Mama. Filamu nzima uko kitandani."

"Ngazi zipo?"

"Hapana, Mama. Ni nyumba ya chini."

"Nakuja. Lakini mimi nakula saa sita. Sini ikiwepo, isiwepo, saa sita nina mdomo uliojaa."

"Nitajitahidi, Mama," yule mwanamke akasema, na Ogugua, aliyeisikia sauti hiyo ya kujitahidi kwa miaka mingi, alinunua hotpoti ya pili.

Mumewe katika filamu alikuwa Okwudili. Siku ya kwanza walimlaza kwenye kitanda cha mbao chenye shuka safi, wakampaka unga kidogo mdomoni aonekane amekauka. Chumba kilikuwa na kivuli. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, mtu alimwambia asifanye kitu. Okwudili alipaswa kukaa kando ya kitanda, amshike mkono na kulia taratibu huku akimsimulia walivyooana. Alikuwa na maneno mengi, na aliyasema vizuri, kwa sauti ya kukatika.

Katikati ya maneno hayo mkono wa Ogugua ulibanwa kwa nguvu, si kwa upendo wa kwenye hadithi. Ogugua alifumbua macho. Uso wa Okwudili ulikuwa umemwinamia, machozi ya kweli mashavuni, midomo haitikisiki.

"Unakoroma," alinong'ona.

"Naumwa," Ogugua alinong'ona. "Mgonjwa anaruhusiwa kukoroma."

"Huu ni wakati wa kufa, bibie. Nimekuaga mara mbili."

"Kata," mwongozaji akasema kule nyuma, sauti yake ikitetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia. "Turudie. Mama, uko sawa?"

Ilikuwa imeshapita saa sita, tena sana. Ogugua aliinuka akaegemea mto, akavuta hotpoti zote mbili kutoka chini ya kitanda, akampa Okwudili moja. Yule mzee aliifungua, akainusa, akatazama huku na huku kutafuta kopo la chumvi, na hakuliona.

"Tunakula kwanza," Ogugua aliwaambia wale wa kamera, na akaanza.